Jina Kubwa Halijengi Klabu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mgeni huponya. Mwishoni mwa 2019, klabu ya Toronto Wolfpack ya Kanada ilimwajiri Sonny Bill Williams wa New Zealand, Mwislamu mwenzetu, ili jina lake liitangaze raga ya wachezaji 13, isiyojulikana sana kama ile ya 15. Magazeti yakavuma. Kufika Julai 2020, korona imetanda na fedha zimekatika, klabu ikajitoa ligini. Williams alikuwa amecheza mechi chache tu.

Mimi namkumbuka zaidi Hazem El Masri, mzaliwa wa Tripoli, Lebanon, aliyehamia Sydney akiwa mtoto. Aliichezea Bulldogs peke yake, 1996 hadi 2009, akafunga pointi 2,418, rekodi ya ligi ya Australia wakati huo. Nyumbani kwa klabu hiyo, Belmore, ni jirani na Lakemba, penye msikiti mkubwa, na Walebanon wa huko wameifanya timu yao.

Wawili hawa walitwaa ubingwa pamoja mwaka 2004. Wote nyota. Lakini jina kubwa huwaita watu uwanjani. Mtoto wa mtaa ndiye huwafanya warudi.