Chungwa halishiki kwenye mwembe

Mwezi wa Februari nilikwenda Wote, Kaunti ya Makueni, kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Ulikuwa msimu wa maembe, nami sifichi kwamba tumbo ndilo lililonituma. Lakini kabla sijavua viatu, shemeji alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, afadhali umekuja. Ingia uamue kesi."

Mshtakiwa alikuwa mpwa wangu, kijana wa miaka 20. Mezani palikuwa na kasha jeusi la kompyuta, limefunguliwa ubavu, nyaya zikining'inia nje kama matumbo ya mbuzi. Kando yake vililala vijiti viwili vyembamba vya kumbukumbu, vile ambavyo mafundi huviita RAM. Hivyo ndivyo vilivyoleta kesi.

Nia ya kijana ilikuwa njema. Alitaka kuunda kompyuta moja yenye nguvu ya kuendesha michezo ya kisasa, aiweke katika kibanda pale sokoni. Mchana awachapie watu barua na kuwajazia fomu za eCitizen. Jioni vijana wenzake waje kucheza mpira wa kompyuta kwa kulipia. Mtaji ulitoka kwa watu wawili. Baba yake alitoa fedha za maembe. Mama yangu mzazi, anayeishi Mutomo upande wa Kitui na ambaye wajukuu humwita susu, aliuza magunia manne ya ndengu. Anayejua jinsi mvua za Ukambani zilivyo bahili ataelewa uzito wa zawadi hiyo: ni msimu mzima wa mama mzee kuinama shambani.

Basi kijana alikwenda Nairobi na orodha mfukoni. Ubao mama na prosesa alivinunua katika duka moja. Kumbukumbu akaiona kwa muuzaji mwingine, bei imepunguzwa, akadhani ameokota dodo chini ya mchongoma. Alipofika nyumbani, vijiti vikakataa kuingia. Akabonyeza. Vikakataa. Akabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili, hadi nafasi moja ya kwenye ubao ikalia "ka!" na kupasuka. Aliporudi kwa muuzaji akaambiwa vijiti vimekwaruzika, havirudishwi. Na mpaka siku ile nilipofika, hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia susu.

Shemeji si mtu wa kompyuta, lakini ni hodari wa kupandikiza miche ya matunda. Alimgeukia mwanawe akamwuliza, "Chungwa mimi hulipandikiza kwenye nini?"

"Kwenye limau, baba."

"Na embe?"

"Kwenye embe."

"Umewahi kuniona nikipandikiza chungwa kwenye mwembe?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hata nikaze kamba namna gani," baba akasema, "halishiki. Si ukoo wake."

Nami nikaona kwamba hukumu imekwisha kutolewa, na iliyobaki ni kazi yangu: kueleza koo za kumbukumbu, ili mzazi mwingine au mwanafunzi mwingine asipoteze magunia yake ya ndengu.

Kwanza tujue kumbukumbu hufanya kazi gani. Diski ya kompyuta ni ghala: kila kitu kimewekwa humo, hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ni ungo. Mpishi hachambui ndengu zikiwa ghalani. Huzichota akazitia kwenye ungo, akafanyia kazi hapo. Ungo ukiwa mdogo, kutwa nzima ni kwenda na kurudi ghalani. Katika mchezo wa kompyuta, safari hizo ndizo zinazofanya picha ikwame mchezaji anapokaribia kufunga bao.

Wazazi waliogusa kompyuta miaka ya 1990 watakumbuka kwamba Windows 95 ilikubali kuanza hata kwa megabaiti 4. Leo gigabaiti 16, ambazo ni mara 4,096 ya hizo, ndizo kipimo cha kawaida kwa kijana anayetaka michezo mipya. Mchezo wa Grand Theft Auto V ulipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015 ulipendekezewa gigabaiti 8. Cyberpunk 2077, kwa masharti yaliyorekebishwa mwaka 2023, unapendekezewa 16. Anayekusudia pia kuhariri video afikirie 32.

Lakini ukubwa si swali la kwanza. Swali la kwanza ni ukoo, na ukoo huamuliwa na ubao mama, ule ubao mpana ambao vipande vyote huchomekwa juu yake. Koo zilizojaa madukani sasa ni mbili: DDR4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, na DDR5, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida mwishoni mwa mwaka 2021. Ukiona DDR3 inauzwa kwa bei ya kutupa, jua ni ya kompyuta kuukuu.

Mtego uliomnasa mpwa wangu ni huu. Kijiti cha DDR4 na cha DDR5 cha kompyuta ya mezani vyote vina urefu mmoja, na vyote vina pini 288. Ukivitazama mbiombio utasema ni pacha. Tofauti iko kwenye lile pengo dogo lililokatwa ukingoni: limesogezwa kidogo, makusudi, ili cha ukoo huu kisiingie kwenye nafasi ya ukoo ule. Hata umeme wao si mmoja. DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR5 volti 1.1. Kwa hiyo kijiti kikikataa kuingia, usitumie nguvu. Kinakupa habari.

Utaujuaje ukoo wa ubao? Kwa prosesa za AMD kazi ni rahisi. Ubao wenye tundu la AM4 hupokea DDR4 tu. Wenye AM5, uliotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 tu. Kwa Intel, fungua macho. Prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14 zinaweza kutumia ukoo wowote kati ya hizo mbili, lakini ubao wenyewe huwa umetengenezewa mmoja. Ndiyo maana mbao mbili zenye tundu lile lile la LGA1700, na hata namba ile ile ya H610, zinaweza kuwa moja ya DDR4 na nyingine ya DDR5. Watengenezaji wengine huandika D4 au DDR4 mwishoni mwa jina la ubao. Basi soma jina zima, mpaka herufi ya mwisho. Prosesa mpya za mezani za Core Ultra 200, zilizotoka mwaka 2024, zinataka DDR5 tu.

Jambo la pili ni umbo. Kumbukumbu ya kompyuta ya mezani ina urefu wa sentimita 13 hivi. Ya kipakatalishi ni nusu ya hapo. Ukiagiza kwa simu bila kusema ni ya mashine gani, usimlaumu mwenye duka ukiletewa fupi.

Tatu, jihadhari na kumbukumbu za seva. Pale Konza, upande wa Malili, katika kaunti hiyo hiyo ya Makueni, kuna kituo cha taifa cha data, na mahali kama hapo pana mashine zisizolala usiku wala mchana. Mashine za namna hiyo hutumia vijiti vya aina yake, vingi vikiwa na maneno ECC na Registered kwenye kibandiko. Zinapostaafishwa huko ughaibuni, vijiti vyake huuzwa mitumba kwa bei ya kuvutia sana: gigabaiti nyingi, fedha kidogo. Hivyo vya Registered havifanyi kazi kwenye ubao wa kawaida wa nyumbani, hata kama ukoo ni DDR4 na ubao ni wa DDR4.

Nne, nunua jozi. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 kwa kawaida huendesha michezo vizuri kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa hupata njia mbili za kupitishia data badala ya moja. Jambo hili huwa na uzito zaidi kwa kijana asiye na fedha za kadi ya picha, anayetegemea prosesa yenye uwezo huo ndani yake kama Ryzen 5 5600G. Prosesa ya namna hiyo huazima kumbukumbu ile ile ili ichore picha, na njia ikiwa moja, mchezo hutambaa. Ubao ukiwa na nafasi nne, mara nyingi jozi huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu cha ubao kitakuhakikishia. Tena nunua jozi iliyofungwa pamoja kiwandani. Vijiti viwili vya kampuni mbalimbali vinaweza kupatana, lakini chenye kasi ndogo ndicho kitakachopanga mwendo, na pengine visipatane kabisa.

Tano ni kasi. Namba kama 3200 kwenye DDR4, au 6000 kwenye DDR5, ni ahadi ambayo lazima ubao na prosesa nazo ziikubali. Mara nyingi kumbukumbu ya kasi kubwa huamka ikienda mwendo wa chini, mpaka uingie kwenye mipangilio ya BIOS uwashe kile kinachoitwa XMP au, kwa AMD, EXPO. Wapo watu walionunua kasi kwa fedha nyingi na miaka ikapita bila wao kuitumia. Kwa Ryzen za AM5, AMD wenyewe walisema 6000 ndiyo kasi inayofaa. Usiuze mbuzi wa mwisho kutafuta zaidi.

Haya yote yalikuwa muhimu tangu zamani, lakini sasa kosa linauma zaidi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za dunia hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Vituo vikubwa vya akili unde vimekuwa vikinunua bidhaa hiyo kwa pupa, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2025 bei ilikuwa imepanda kote duniani. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kwamba inaacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida kumbukumbu zake za jina la Crucial. Kipigo cha huko ughaibuni hufika mpaka Luthuli Avenue, na kutoka Luthuli hufika mpaka shambani Mutomo.

Kwa hivyo, kijana, fuata utaratibu. Chagua prosesa, kisha ubao, halafu kumbukumbu. Ingia katika tovuti ya aliyetengeneza ubao, utafute orodha ya vijiti alivyovijaribu yeye mwenyewe. Ukikuta chako humo, lala usingizi. Pima pia nafasi chini ya feni ya prosesa, maana vijiti vingine vina mapambo marefu yanayogonga feni kubwa. Ubao na kumbukumbu vinunue duka moja, uombe vijaribiwe mbele yako, na risiti iandikwe jina kamili la kila kitu. Nyumbani, chomoa umeme, pangusa vumbi, na uguse chuma cha kasha kabla ya kushika kijiti, kwani umeme tuli wa siku kavu unaweza kukiua bila wewe kuhisi. Na mashine ya DDR5 ikikaa na kioo cheusi kwa dakika kadhaa siku ya kwanza, usiizime kwa hofu. Inajifunza kumbukumbu yake.

Nanyi wazazi, neno moja. Mtoto akiomba fedha za kompyuta ya michezo, usimfukuze kabla hujamsikiliza, wala usimpe bahasha ukageuka. Mwambie akuletee orodha na akueleze kwa nini kipande hiki kinaafikiana na kile. Huhitaji kujua kompyuta. Uliza tu, "Umehakikishaje?" Baba aliyeshinda miaka yote akichagua kikonyo kinachofaa shina alikuwa na swali hilo mdomoni; hakuambiwa tu kwamba hapa pia lilikuwa na kazi.

Mpwa wangu hatimaye alinunua kijiti kimoja cha DDR5 cha gigabaiti 16, baada ya kukikuta kwenye orodha, akakiweka katika nafasi iliyosalia nzima. Mashine iliwaka. Haina ile njia ya pili, na haitakuwa nayo mpaka anunue ubao mwingine, lakini barua inachapa na mpira unachezeka.

Jumamosi iliyofuata tulipitia Emali na Kibwezi, tukavuka Mto Athi hadi Mutomo, kwa sababu nilimwambia habari hii hawezi kuipeleka kwa simu. Alimweleza susu yote, bila kuficha lile la vidole gumba. Mama alinyamaza kidogo, mikono ikiendelea kuchambua ndengu.

"Hiyo nafasi nyingine," akauliza, "inashika?"

"Inashika, susu."

"Basi anza na hiyo. Na siku ya kununua hiyo nyingine, nenda na baba yako."

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, kumbuka kwamba kuuliza si ujinga.