Kinga Pasipo Kiasi Ni Adui

Hapana neno lililopandishwa cheo katika miaka ya karibuni kama neno kinga. Ukishuka kwenye matatu pale Kahawa Wendani, kando ya barabara kuu iendayo Thika, huendi mbali kabla hujakutana na mtu auzaye unga, maji ya mizizi au vidonge vya kuongeza kinga. Muuzaji haulizi mnunuzi anaumwa nini. Dawa ni ile ile kwa mwenye mafua, mwenye kisukari na mwenye vidole vilivyovimba. Maana kwa hesabu yake kinga ni kama fedha, na hapana aliyepata kudhurika kwa kuwa nayo nyingi. Hesabu hiyo ni ya uongo, na wako watu wanaoilipia kwa mifupa yao.

Kosa hili lina asili inayoeleweka. UKIMWI ulipoingia nchini, jina lake lenyewe, Ukosefu wa Kinga Mwilini, lilitufundisha somo la kweli: mtu akipungukiwa na kinga hushindwa na vijidudu ambavyo jirani yake havimsumbui. Lakini somo la kweli likisomwa nusu huzaa ujinga mpya. Tulidhani kwamba, kwa kuwa kinga haba ni ugonjwa, basi kinga nyingi ni afya. Hivyo ni sawa na mtu aliyeona shamba likikauka kwa ukame, akakata shauri kwamba mafuriko ni baraka.

Yafaa basi tujue kinga ni kitu gani. Ni jeshi la chembe hai, hasa chembe nyeupe za damu, na jeshi haliendi bila wajumbe. Wajumbe hao ni protini ndogo ziitwazo saitokini. Chembe moja ikitambua adui humwaga saitokini. Nyingine zikipata habari hukusanyika, mishipa midogo ya damu hupanuka, na mahali pale huvimba na kuwa pa moto. Kidole kilichochomwa na mwiba huvimba kwa sababu hiyo: uvimbe ule ni kazi ya kinga yenyewe. Adui akishindwa, wajumbe wengine hutoa amri ya kusimamisha vita. Afya imo katika amri zote mbili, ya kuanza na ya kukoma.

Wako watu ambao jeshi lao haliwezi tena kupambanua mwenyeji na mgeni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa watu hawa kikulacho kimo ndani ya ngozi. Katika baridi yabisi ya aina ya rumatoidi, chembe za kinga huvamia utando wa maungio ya mifupa. Mjumbe mmoja, aitwaye TNF, huchochea uvimbe na kuwaita wenzake. Mwingine, intalukini ya 6, husafiri katika damu, akaleta uchovu, homa na upungufu wa damu. Kwa pamoja huziamsha chembe zenye kazi ya kumung'unya mfupa, hata vidole vikapinda. Jina la ugonjwa huu lasingizia baridi, na wengi ifikapo Julai hudhani sweta ndiyo tiba. Sweta humsitiri mtu na baridi ya nje, lakini haiwanyamazishi wajumbe walio ndani.

Tuseme mwanamke wa miaka thelathini ameamka na vidole vilivyokakamaa. Anaambiwa ni malaria, kisha homa ya matumbo, kisha kwamba damu yake ni dhaifu na aongeze kinga. Hapo muuzaji wa unga na achague moja kati ya mawili. Ama unga wake hauongezi chochote, naye amemnyang'anya mgonjwa fedha na miezi ambayo haitarudi. Ama unaongeza kweli kama asemavyo, naye ametia kuni katika nyumba inayoungua. Njia ya tatu hapana.

Atakayedai kwamba kuichochea kinga hakuna madhara na atazame London, Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park. Vijana sita wenye afya njema walijitolea kujaribiwa dawa mpya, TGN1412, yenye nguvu ya kuamsha chembe za kinga. Katika saa chache saitokini zilifurika katika damu yao, na wote sita wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Waliokoka, na miongoni mwa dawa walizopewa zilikuwamo za kuituliza kinga ile ile.

Kutuliza huko kumekuwa elimu kubwa. Mwaka 1992, Ravinder Maini na Marc Feldmann, katika hospitali ya Charing Cross, London, walianza kuwapa wagonjwa wa rumatoidi dawa ya kumzuia mjumbe TNF. Maumivu na uvimbe vilipungua. Nguvu ya dawa ilipokwisha, vikarudi. Ikadhihirika kwamba mjumbe yule alikuwa na hatia. Maini huyo alipitisha utoto wake Uganda, na baba yake, Amar Maini, ndiye aliyekuwa meya wa kwanza wa Kampala. Lakini mwaka 2001 madaktari walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa waliopewa dawa ya namna hii walizukiwa na kifua kikuu, kwa maana TNF ndiye pia anayeulinda mwili na ugonjwa huo. Mzidishie nguvu, atakula maungio. Mnyime nguvu, kifua kikuu kitaamka. Hii ni kazi ya mizani, na mwenye mizani ni daktari.

Wako wasemao kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Neno hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Mwaka 1979 madaktari walichapisha habari za rumatoidi katika wagonjwa wa Kenya. Mwaka 1980 Kanyerezi na wenzake wakaandika juu ya lupasi miongoni mwa Waafrika wa Uganda. Lupasi hushambulia ngozi, maungio na figo, na kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na usioonekana husemwa haupo.

Nitaulizwa: je, chakula bora na chanjo si vya kuongeza kinga? Chakula huilisha kinga, chanjo huifundisha, na dawa za UKIMWI huzuia virusi visiwaue askari wake. Hayo yote ni mema, nami nayatetea. Lakini kulisha na kufundisha ni mbali na kuchochea bila kipimo. Askari aliyefundishwa hujua pia wakati wa kuweka silaha chini.

Basi, msomaji kijana, mama au dada yako akikakamaa vidole kila asubuhi zaidi ya saa moja, vikavimba kwa majuma, usimpeleke kwa muuza unga. Mpeleke hospitali apimwe damu na maungio yake. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019, haiko mbali na Wendani. Iko dawa ya vidonge, methotreksati, imezwayo mara moja kwa juma chini ya uangalizi wa daktari, nayo ikianzwa mapema huokoa mikono ya wengi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi.

Wendani kwa Kikuyu ni kupendana. Jirani apendaye huuliza kwanza: kinga ipi, kwa nani, na kwa kiasi gani? Auzaye bila kuuliza hayo hastahili shilingi yako.