Tunapima Mwendo, Hatupimi Pumzi

Gari la abiria linapopinduka katika mikoa yetu ya kusini, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali: uzembe wa dereva. Alisinzia, tunaambiwa, na jalada linafungwa. Naipinga hukumu hiyo kwa sababu haiulizi swali la pili: dereva huyo alikuwa akivuta hewa gani?

Ichukue Hiace inayotoka Nachingwea kwenda Ruangwa wakati wa kiangazi. Panapotimka vumbi, abiria mmoja hufunga dirisha, wengine humfuata, na dereva hubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili kiyoyozi kisivute vumbi la nje. Tangu hapo, watu kumi na watano wanagawana pumzi moja.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima aliyeketi hutoa takribani lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Watu 15 hutoa lita 270. Tukilikadiria gari kuwa na lita 9,000 za hewa, na kulichukulia kuwa limezibwa kabisa, kiwango cha hewa ukaa kitapanda kwa sehemu 5,000 katika kila milioni ndani ya dakika 10 tu. Ni kweli kwamba upenyo wa milango na madirisha hupunguza kasi hiyo. Lakini hewa ya nje ina sehemu zipatazo 420, na tangu 1858 Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza kwamba chumba chenye watu kisizidi sehemu 1,000. Sehemu 5,000 ndicho kikomo ambacho Marekani imewawekea wafanyakazi kwa wastani wa zamu ya saa 8.

Kiwango hicho hakiui kama iuavyo sumu ya moshi wa injini. Huandamana na kichwa kizito, uchovu na usingizi. Abiria akisinzia atapitiliza kituo. Dereva akisinzia atatupitiliza sote. Tena, pumzi iliyokwisha kutoka katika mapafu ya jirani ndiyo njia ya kifua kikuu, na Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Wapo watakaojibu kwa wepesi: si wafungue madirisha! Hilo ni jibu la mtu anayesafiri juu ya lami. Mama mwenye mtoto mchanga mapajani hana uchaguzi wa haki kati ya vumbi na pumzi chafu. Kwa hiyo lami si suala la kupitisha malori ya korosho na ufuta pekee. Ni suala la mapafu ya raia.

LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, hupanga nauli na kufuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vya kielektroniki. Askari wa usalama barabarani hukagua leseni, matairi na mikanda. Hewa haina mkaguzi. Nadai mambo matatu: feni na matundu ya hewa vikaguliwe kama breki zinavyokaguliwa, madereva wafundishwe kuingiza hewa ya nje kila baada ya dakika chache, hasa vumbi linapotulia, na vipimo vya hewa ukaa, ambavyo ni vidogo kuliko redio, vianze kufungwa katika magari ya safari ndefu.

Nachingwea inaijua gharama ya kutopima. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulileta matrekta na reli kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha, ukavunjwa 1951. Wakati ule ilipotea fedha ya serikali ya mbali. Safari hii wanaopotea ni ndugu zetu, na kifaa cha kupimia kipo.