Ati, Shahada ya Nyumbu?

Liko neno linalosemwa sana katika vijiji vilivyo karibu na mbuga za wanyama, nalo husemwa hata na walimu wenzetu wanaopaswa kujua zaidi. Kijana aliyekwisha pata shahada ya kwanza akisema ataka kuendelea na masomo ya juu ya ikolojia na uhifadhi wa wanyama wa porini, huchekwa. "Ati, shahada ya nyumbu! Uongeze miaka mingine shuleni kwa kumtazama mnyama ambaye babu yako alimjua bila kalamu?" Napenda kulijibu neno hili, maana ni neno la hasara, na hasara yenyewe yatuangukia sisi wanavijiji kabla ya wengine.

Kwanza tujue elimu hii ni nini. Ikolojia si kuhesabu mistari ya punda milia. Ni elimu ya jinsi viumbe wanavyotegemeana: mnyama na majani, majani na moto, moto na mvua, na mwanadamu pamoja na mifugo yake katikati yao. Shahada ya kwanza humfundisha kijana mambo yaliyokwisha julikana. Masomo ya uzamili na uzamivu humtaka aulize swali lisilojibiwa bado, akae porini misimu kadhaa, apime, ahesabu, kisha alete jibu mbele ya wataalamu wasiokubali neno lisilo na ushahidi. Tofauti hiyo si ndogo.

Wa kwanza kupinga husema: "Sisi twawajua wanyama kwa kuishi nao." Ni kweli; walakini kumjua mnyama kwa sura si kujua sababu za mambo yake. Tazameni habari ya sotoka. Maradhi hayo yaliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, yakaua ng'ombe, nyati na nyumbu wasiohesabika. Watu wengi walidhani kwamba wanyama wa porini ndio ghala ya maradhi hayo. Lakini ng'ombe wa kando ya Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka hata kwa nyumbu, ambao hawakuchanjwa. Kumbe ghala ilikuwa zizini mwetu! Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961 wakazidi 1,300,000 ilipofika mwaka 1977. Tena, kwa kuwa walikula majani mengi, mioto ya mbugani ilipungua, na mioto ilipopungua miti michanga ikapata kukua. Je, ni nani ambaye kwa macho matupu angaliunganisha sindano ya ng'ombe na kivuli cha mgunga? Kazi hiyo ilitaka watu wa kuhesabu mwaka baada ya mwaka. Na sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani kote.

Wa pili husema: "Wanyama ni adui zetu. Tembo hula mahindi yetu usiku mmoja, nawe wataka mwanangu asomee kumlinda tembo?" Hoja hii ina uzito, wala simcheki aisemaye, kwa maana shamba likiliwa watoto hulala njaa. Lakini nauliza: dawa ya tembo itatoka wapi? Kupiga madebe na kuwasha mioto twajua tangu zamani, na bado twakesha. Katika nchi ya Kenya wenyeji walisema kwamba tembo huepa mti wenye mzinga wa nyuki. Neno hilo lilikaa barazani tu mpaka watafiti walipolipima. Lucy King, aliyesomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliwasikilizisha tembo sauti ya nyuki waliochokozwa, akaona wengi wao wakikimbia. Ndipo ukatengenezwa uzio wa mizinga: mizinga hutundikwa kati ya nguzo na kuunganishwa kwa waya, na tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, uzio huo ulizuia hadi tembo 80 katika kila 100 waliokaribia mashamba, na mkulima akapata asali juu yake. Basi tazameni: hekima ya wazee haikudharauliwa. Ilipimwa, na ilipokwisha pimwa ikawa ua wa shamba.

Wa tatu husema: "Hii ni kazi ya wageni, tuwaachie." Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwenye kupima ndiye anayesikilizwa. Mipaka ya Serengeti ilipokuwa ikijadiliwa, waliohesabu wanyama kwa ndege mwaka 1958 walikuwa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, watu wa Ujerumani. Mwaka 1959 mipaka ikabadilishwa, na Wamasai waliokaa ndani ya hifadhi wakahamia Ngorongoro. Wao waliijua nchi ile kuliko mtu yeyote, lakini ujuzi wao haukuwa na hesabu wala maandiko ya kuwekwa mezani. Hata Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 bila shahada yoyote, na mwaka uo huo akaona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa, alipelekwa Cambridge kutafuta uzamivu ili wataalamu wamsikilize. Ikiwa yeye alihitaji shahada, je, mtoto wa mfugaji?

Leo hatuna udhuru wa kusema kwamba vyuo viko ng'ambo tu. Chuo cha Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, chafundisha uhifadhi tangu mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, na Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha. Sikatai kwamba ada ni nzito na nafasi za kazi si nyingi. Simwambii kila mzazi auze ng'ombe wake. Nasema kijana mwenye kipawa na nia asivunjwe moyo kwa kicheko.

Nanyi vijana mtakaozipata shahada hizo, neno langu kwenu ni kali pia. Maandiko yenu mengi huandikwa kwa Kiingereza, yakafungiwa katika maktaba, na wazee waliowaonyesha njia za wanyama hawajui mliona nini. Hiyo ni kula na kusahau aliyepika. Rudini, mketi barazani, mwasomee kwa Kiswahili yale mliyoyapima, nao wawaulize maswali. Kijiji kisichopewa jibu kitakuwa na haki ya kuwacheka, na hapo mimi sitakuwa na la kuwatetea.