Jiko Lisilohimili Mwiko

Kila mradi wa majiko banifu unapokufa, lawama humwangukia mwanamke. Alipewa jiko, ripoti husema, akaliacha likashika kutu, akarudi kwenye mafiga. Anahitaji elimu zaidi. Huu ni uonevu, na umedumu mno.

Mtazame mama akisonga ugali wa watu wanane. Unga umekaza. Kashika mwiko kwa mikono miwili, anakandamiza, anageuza, anavuta tena, na uzito wote wa mabega yake unaishia kwenye jiko. Mafiga hayatikisiki. Kale kajiko ka bati jembamba kanayumba, na ndani ya sufuria mna ugali wa moto unaoweza kumbabua mtoto aliyekaa hatua moja pembeni. Mama analisogeza jiko hilo kando. Ana akili timamu! Aliyekosea ni mhandisi aliyepima kazi yake kwa kuchemsha maji, na maji hayasongwi.

Halafu kuna ule mdomo mdogo wa kuni kwenye majiko haya. Ndiyo, unabana moto na kupunguza matumizi. Lakini nani atapasua magogo yawe vijiti, saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni, shoka la kuazima? Swali hilo huulizwa baada ya fedha kwisha.

Inawezekana kufanya vizuri. Mwishoni mwa 2005 Ashok Gadgil na wenzake kutoka Berkeley, California, walikwenda kwenye kambi za Darfur, ambako wanawake waliotoka kutafuta kuni walikuwa wakivamiwa na kubakwa. Walibeba majiko, likiwemo moja la India, wakawaangalia wanawake wakipika asida, ndugu wa damu wa ugali wetu. Jiko lile la India likarekebishwa: lisimame imara mwiko unapofanya kazi, lipokee masufuria yenye vitako vya mviringo, lihimili upepo wa jangwani. Nchini Kenya nako, miaka ya 1980, wabunifu na mafundi wa jua kali walichukua wazo la Thailand la kuweka udongo ndani ya bati, wakalifinyanga upya kufuatana na malalamiko ya wapishi.  Jiko hilo linauzwa sokoni hadi leo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mpaka gesi imfikie mama wa kijijini, na iwe kwa bei anayoimudu, kuni ndizo zitakazompikia. Basi jiko likae kwake msimu mzima wa masika, kuni zikiwa mbichi, kabla mfadhili hajalipa awamu ya pili. Likipasuka, fundi wa hapo hapo aweze kulitengeneza. Na mama akilikataa, lirudi kwa aliyelibuni pamoja na sababu zake, neno kwa neno, na malipo yasimame.