Saa ya Kadi na Saa ya Kiswahili

Katika nyumba nyingi za Nyanza-Lac, na kando yote ya ziwa Tanganyika hadi Rumonge, ipo kadi ndogo inayotunzwa pamoja na vitambulisho vya jamaa. Ni kadi ya miadi ya mgonjwa wa presha au wa kisukari. Hutolewa ilipo siku moja katika mwezi, ikaandikwa tarehe nyingine hospitalini au katika kituo cha afya, kisha ikarudishwa kabatini na kusahauliwa. Kusahauliwa huko kunawahusu sana akina mama, kwa kuwa wao ndio washika funguo za kabati.

Shinikizo la damu halina kelele. Mtu aweza kuwa na kipimo cha 140 juu ya 90, au zaidi ya hapo, naye akapalilia mihogo yake, akaanika ndagala wake na kulala usingizi mzuri. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwaka wa 2023 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.3 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba karibu nusu yao hawana habari kuwa wanao. Hata aliyepimwa na kupewa dawa humeza vidonge vya mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Kumbe uzima aliouona ni kazi ya vile vidonge. Siku ya kiharusi haitumi barua.

Hata hivyo si kila anayekosa miadi ni mzembe. Wakazi wengi wa pwani hii, au wazazi wao, walikimbilia Tanzania kufuatia machafuko na mauaji ya mwaka 1972, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na maelfu yao wakarejea kuanzia mwaka 2008. Walirudi na Kiswahili fasaha, cha kusema na cha kusoma. Kadi ya hospitali, kwa upande wake, mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa.

Mathalan mama mwenye kisukari ameambiwa afike bila kula chochote ili damu ipimwe. Juu ya kadi pameandikwa tarehe, na mbele yake 8h. Yeye anasoma tarakimu kama alivyozoea kuisoma, yaani saa nane. Anashinda na njaa tangu usiku, anapanda pikipiki adhuhuri, anafika saa nane kamili ya mchana akiwa amechoka na mikono inatetemeka. Wenziwe walipimwa saa mbili ya asubuhi, maana 8h ya Kifaransa ndiyo saa mbili ya Waswahili na ya Warundi pia. Mgonjwa wa kisukari aliyemeza dawa yake bila kula hana haki ya kuchezewa na tarakimu moja namna hiyo. Hali kadhalika maandishi 1 x 2/j yana maana ya kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Ile j ni siku. Asiyejua hudhani ni kimoja au viwili, apendavyo.

Jambo la saa halikomi hapo, kwani Nyanza-Lac iko karibu na mpaka, na Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka Dar es Salaam huonekana Nyanza-Lac saa moja ya jioni. Simu nayo ikinasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka yaweza kubadili saa yake bila kumwuliza mwenyewe. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa ingefaa iwe na saa moja tu ya kuaminiwa, iliyotungikwa ukutani, na miadi isemwe kwa sauti: saa mbili ya asubuhi, kwa majira ya Burundi.

Televisheni ya taifa ilianza nchini Burundi mwaka 1984, na leo wenye madishi huona idhaa za nchi nyingi. Wapo wanaoilaumu kwa kila ugonjwa. Lawama hiyo haina haki yote, ingawa ni kweli kwamba kukaa kitako tangu alasiri hadi usiku, na bakuli la karanga za chumvi mapajani, hakumfai mwenye presha. Chumvi inayopendekezwa kwa mtu mzima haizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na samaki wa kukaushwa kwa chumvi huweza kuimaliza kabla karanga hazijafika. Lakini televisheni ina faida moja kubwa: hurudi kila siku saa ile ile. Mgonjwa aliyezoea kumeza kidonge cha jioni mara taarifa ya habari inapoanza hasahau kwa urahisi. Umeme ukikatika, chakula cha jioni na kishike zamu.

Waliokuwa Tanzania mwaka 1973 watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi, wiki baada ya wiki, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu kuhusu malaria, kichocho na minyoo, kisha wakijadiliana na kuondoka kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba kusoma ni jambo moja na afya ni jingine. Kijitabu kilisomwa kwa sauti, aliyejua herufi akimsaidia asiyejua, na mengi yaliyosikika redioni yalitendwa kijijini.

Desturi hiyo yaweza kufufuliwa sebuleni bila kampeni yoyote. Watoto wa Burundi hujifunza shuleni Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Jumapili jioni mjukuu na asome kwanza kadi ya bibi, tarehe na saa na idadi ya vidonge, kisha ndipo wasome kitabu, kikiwa cha Shaaban Robert au cha hadithi za shule. Vidonge vihesabiwe palepale. Vikibaki vya siku saba, safari ianze kupangwa, kwa kuwa miaka ya karibuni uhaba wa petroli umewafanya wenye magari na pikipiki kupandisha nauli au kutoonekana kabisa. Anayekaa mbali, huko milimani, hana budi kuweka akiba ya nauli mapema, au kutafuta kwa jamaa mjini mahali pa kulala usiku wa kuamkia miadi.

Na asubuhi hiyo kikapu kiwe na kadi, vidonge vilivyosalia, chakula cha kula mara damu ikishachukuliwa, na kile kitabu, kwani foleni ni ndefu. Mjukuu amekwisha kukunja ukurasa walipoishia, na kwenye kona yake ameandika kwa kalamu ya risasi: saa mbili asubuhi.