Si unajua Kiswahili? Tafsiri basi

Nilipopata mafunzo kazini kwenye kampuni ya uhusiano wa umma, nilijiona tayari niko mbele ya kamera, namtetea waziri. Kumbe! Wiki tatu nzima nilikusanya habari zilizomtaja mteja na kusahihisha namba za simu za waandishi. Sawa, ndiyo kazi ya mwanagenzi. Teksi mbili kila asubuhi kutoka Turffontein, hapo ndipo nililalamika.

Halafu mteja akataka taarifa yake ifike Nairobi na Dar. Bosi akanigeukia: si unajua Kiswahili? Tafsiri basi, kesho asubuhi.

Jamani, Kiswahili changu ni cha jikoni, cha Bukavu. "Wadau" ni nini? Mama, aliyewahi kufundisha shule ya msingi kule, alikaa nami mezani mpaka saa sita usiku, anafuta, anacheka, anaandika upya. Taarifa ikatoka. Posho yangu ikabaki ileile, na mama hata asante hakupata.

Mwanzoni niliona ni heshima kuaminiwa. Sasa sioni hivyo. Bell Pottinger ya London ililipwa na kampuni ya akina Gupta pauni 100,000 kwa mwezi, kwa maneno yaliyochochea chuki ya rangi hapa hapa Afrika Kusini, hadi ikafukuzwa kwenye chama cha wenzao na kuanguka mwaka 2017. Kwa hiyo maneno yana bei, na wanaijua. Ya mama zetu tu ndiyo ya bure?

Juzi wameniletea taarifa nyingine. Nimeuliza: neno moja mnalipa ngapi? Kimya. Bado nasubiri jibu, na taarifa yao inasubiri pia.